“Mtaani Hakuna Refa”: Dhana Potofu Kuhusu Ngumi, Judo na Kujilinda

Karibu kila mwanafunzi mpya huja na maneno yale yale. “Kocha, hii ni michezo tu. Mtaani hakuna refa. Mimi nikivamiwa, vidole vya macho, teke la sehemu za siri, basi.” Kisha anaomba tuachane na mambo ya ulingoni tumfundishe mbinu “za hatari”. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Anaamini kwamba kwa kuwa mchezo una sheria, haumwandai mtu kwa ugomvi wa kweli. Hajui kwamba ni hizo sheria zinazomfanya mchezaji awe mtu wa kuogopwa. Jigoro Kano alipoanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, mapigo na mbinu nyingine za kuumiza aliziondoa kwenye mapambano ya mazoezi, ili wanafunzi waangushane kwa nguvu zote leo na kesho warudi wazima. Kwa hiyo mcheza judo wa miaka michache ameshawaangusha watu wengi wasiotaka kuanguka. Wewe wa vidole umeshamtoboa nani? Umefanyia hewani, au kwa mwenzako aliyesimama kama nguzo akikusubiri. Mbinu usiyoweza kuifanya kwa kasi, kwa mtu anayekukatalia na kukurudishia, hujaijua bado. Una habari zake tu.

Tena hata ikimpata, si lazima immalize. Mwaka 1995, kwenye mashindano ya Vale Tudo (mapambano yenye sheria chache sana) nchini Japani, Mholanzi Gerard Gordeau alimchoma kidole jichoni Mjapani Yuki Nakai, aliyekuwa mdogo wa umbo kuliko yeye kwa mbali. Jicho lile la kulia Nakai hakuona nalo tena maishani. Lakini pambano lile alishinda yeye: alimnasa mguu, akamsokota kisigino mpaka Gordeau akasalimu amri, na siku hiyo hiyo akapanda tena ulingoni. Teke la sehemu za siri nalo lina dosari yake. Maumivu yake mara nyingi huchelewa kidogo, na mtu aliyepandisha hasira anaweza kuendelea kukupiga katika muda huo.

Sisemi macho yasiguswe. Nasema anayeweza kufikisha ngumi ya mkono wa mbele usoni kwa mtu anayekwepa ndiye atakayefikisha na vidole. Umbali, miguu na wakati vinatoka kwenye ngumi, ile ile unayoidharau.

Ila na mabondia nao wasivimbe kichwa. Mwaka 1988 Mike Tyson, akiwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu, alipigana na bondia mwenzake Mitch Green mtaani Harlem, New York, na akavunjika mfupa wa mkono wa kulia. Bila glavu na bendeji, fuvu ni gumu kuliko vidole vyako. Tumia kiganja, au piga mwili.

“Nikikabwa nitapata muda wa kufikiria.” Hupati. Kabali iliyokaa vizuri hubana mishipa ya damu shingoni, na mtu huzimia ndani ya sekunde kama kumi. Kidevu chini, mikono yako yote miwili kwenye mkono wake, mara moja.

“Kila ugomvi unaishia chini, kwa hiyo nimvute chini mapema.” Na yule rafiki yake aliyesimama? Atakukanyaga kichwa. Jifunze kazi ya chini ili uweze kuinuka haraka. Kabla ya hapo jifunze kuanguka, maana kisogo kikigonga sakafu, ngwala moja inatosha kuua mtu. Wanafunzi wangu hulalamika kwamba nawaangusha mno wiki za mwanzo. Walalamike.

Kisu sitaki hata kukijadili, lakini kwa kuwa wapo wanaoamini watamnyang’anya mtu, jaribuni hivi: vaa fulana nyeupe, mpe mwenzako kalamu ya wino mzito, mwambie akuchome mfululizo kama aliyekasirika kweli, siyo pigo moja la polepole halafu asubiri. Hesabu alama zilizo tumboni na shingoni, kisha uniambie kama bado unaona simu yako haifai kutolewa kwa mwizi mwenye kisu. Ukishaitoa, kimbia, ndiyo maana kila kipindi naanza na mbio fupi za kasi, na wanaochelewa makusudi ili kuzikwepa nawajua.