Kisukuku cha jani ni nini?

Wengi wakisikia "kisukuku cha jani" hudhani jani limegeuka jiwe. Mara nyingi sivyo. Kilichobaki ni utando mwembamba wa kaboni wa jani lililokandamizwa, au chapa tupu, mfano wa unyayo kwenye tope lililokauka.

Mahali pazuri pa kutokea hayo ni ziwa tulivu lenye kina. Jani huanguka majini, likalowa, likazama hadi chini ambako oksijeni ni haba na uozo huenda polepole. Tope laini hulifunika, kisha tope jingine juu yake, mwaka hadi mwaka. Uzito hukamua maji, na hatimaye tope huwa mwamba mashapo unaobanduka kama kurasa za kitabu. Ukiupasua penye bahati unapata vipande viwili: kimoja kimebeba jani, cha pili chapa yake, hata mishipa midogo inahesabika.

Mfano wa Tanzania uko Mahenge ya Singida (si ile ya Ulanga inayosifika kwa vito). Kama miaka milioni 46 iliyopita, mlipuko wa kimberliti, mwamba wa aina ileile inayotoa almasi Mwadui, uliacha shimo, nalo likajaa maji. Kilikuwa kiziwa tu, lakini kimetuhifadhia samaki, chura, popo, na majani mengi ya jamii ya mikunde, ukoo wa mkwaju na mgunga.

Utamu hasa, kwa maoni yangu, uko kwenye ukubwa wa majani hayo. Penye mvua nyingi miti huweza kumudu majani mapana. Penye ukame jani pana hupoteza maji bure, kwa hiyo madogo ndiyo hutawala. Wataalamu hupima majani ya kale, wakayalinganisha na ya misitu ya leo ambayo mvua yake inajulikana. Kwa Mahenge hesabu ilitoa milimita 600 na ushei kwa mwaka, hazipishani sana na za Singida ya sasa. Kumbe palikuwa na pori la miti iliyoachana, la kufanana na miombo, wala si msitu mnene.

Hesabu hiyo ina mtego wake. Majani makubwa huchanika kabla ya kufika katikati ya ziwa, hivyo madogo huweza kuzidi kwenye mwamba kuliko yalivyozidi mitini, na mvua ikaonekana chache kuliko ilivyokuwa.