Marathoni kwenye joto: maji mengi si kinga

Wakimbiaji wengi huambiwa kwamba siku ya joto wanywe maji kadiri wawezavyo, hata bila kiu. Ushauri huo ni wa hatari. Maji yakizidi uwezo wa mwili kuyatoa, chumvi ya damu huzimuliwa, ubongo huvimba, na mtu anaweza kufa. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu mwishoni mwa Boston Marathon ya 2002, asilimia 13 chumvi yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kawaida, hasa walioongezeka uzito njiani. Yaani walimaliza kilomita 42 wakiwa wazito kuliko walipoanza!

Kunywa ukisikia kiu. Kinachouchemsha mwili zaidi ni kasi, na maji hayafuti kosa hilo. Chicago mwaka 2007 joto lilifika nyuzi 31, mbio zikasimamishwa katikati. Siku kama hiyo, nenda mwendo unaowaruhusu wewe na mwenzako kuzungumza, na umtazame. Pete ikimbana kidoleni, kichwa kikimuuma na akatapika, usimwongezee maji. Akiyumba na kujibu yasiyoeleweka, simameni hapohapo, mwite daktari. Mwili ukiwa wa moto sana, apozwe kwa maji ya barafu kabla hata ya kupelekwa hospitali.