Kujitolea kwenye makao ya watoto: maana yake hasa ni nini?

Hapa Kigoma ukiambiwa kijana fulani "anajitolea", akili inakwenda kwa mhitimu wa chuo anayefundisha shule ya kata au kusaidia zahanati bila mshahara, huku akisubiri ajira zitangazwe. Neno hilohilo tunampa mgeni kutoka Ulaya aliyekuja wiki tatu kukaa na watoto wagonjwa kwenye makao. Neno ni moja, lakini kinachofanyika ni tofauti, na tofauti hiyo inamgusa mtoto kuliko inavyomgusa yeyote kati ya hao wawili.

Anza na neno lenyewe. Ukijitoa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, umeondoka. Ukijitolea, umetoa nguvu zako kwa ajili ya mwingine. Silabi moja tu, "le", ndiyo imegeuza maana, kwa sababu kauli ya kutendea hudai awepo anayetendewa. Kwa hiyo anayejitolea kwenye makao ya watoto hapimwi kwa alichojifunza safarini wala kwa alivyoguswa moyo. Anapimwa kwa mtoto: amepata nini?

Makao ya watoto, kwa sheria yetu, si nyumba yoyote yenye lango na watoto wengi ndani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao yawe na leseni na yasimamiwe na ustawi wa jamii. Makao yanatakiwa kuwa kimbilio la mwisho. Kwanza watafutwe ndugu, kisha familia nyingine inayoweza kumpokea, yaani malezi ya kambo. (Neno "kambo" hapo lisikutishe, halihusiani na visa vya mama wa kambo. Ni familia iliyokaguliwa na kukubali kumlea mtoto asiye wao.) Na wanaoishi humo si lazima wawe yatima. Ndiyo maana maofisa husema "watoto walio katika mazingira hatarishi". Humo utamkuta aliyefiwa na mama wakati wa kujifungua, baba yake akawa mvuvi asiyekaa nchi kavu. Utamkuta mwenye kichwa kikubwa au mgongo wazi, ambaye wazazi wanampenda ila matibabu yamewashinda. Hapo Kasulu, kule Kabanga, walikusanywa watoto wenye ualbino baada ya mauaji yaliyoshika kasi mwaka 2007 na 2008. Wengi walikuwa na wazazi hai. Walichokosa ni usalama.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Siku ya kwanza nilipokwenda kusaidia makao fulani mkoani hapa, mtoto wa kike wa kama miaka minne alinikimbilia, akaninasa shingoni, akakataa kushuka. Nilijaa fahari. Nikaona nimekubalika. Mama mlezi aliyekuwa anaanua nguo akaniangalia akasema taratibu, "Mwanangu, huyo hata muuza mkaa anamrukia." Sikuelewa siku ile. Mtoto aliyetulia, mwenye mtu wake, akimwona mgeni hujificha nyuma ya khanga ya mama kwanza, anachungulia, anapima. Anayemrukia kila apitaye huenda amejifunza kwamba watu huja na kuondoka, hivyo achukue mapema anachoweza.

Wataalamu wameliona hili zamani. Daktari Mwingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti mwaka 1951, akieleza kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama au mtu anayesimama mahali pa mama. Mwaka 2000 kule Bucharest, Romania, ulianza utafiti wa watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa kwenye familia za malezi ya kambo. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na katika kuelewana na watu, hasa waliotolewa kabla ya kufikisha miaka miwili. Wale waliobaki hawakunyimwa chakula. Walikosa uso mmoja unaorudi kila siku.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini wiki tatu za kubebwa, kubusiwa na kupigwa picha zinaweza kumwachia mtoto jeraha hata kama kila aliyembeba alikuwa na moyo safi. Akija mwingine mwezi ujao, na mwingine tena, mtoto anaachwa mara kumi kwa mwaka. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, na humo likataja madhara ya utalii na kujitolea kwenye vituo vya yatima. Kambodia ilikuwa imeshaonja hayo: vituo viliongezeka wakati watalii wakiongezeka, na watoto wengi waliokuwa ndani walikuwa na angalau mzazi mmoja hai. Mtoto anapokuwa kivutio, mwenye kituo hana haraka ya kumrudisha kwao.

Je, mgeni asije? Simaanishi hivyo. Nasema aje kumwongezea nguvu yule anayebaki. Mama mlezi mmoja anaweza kuwa na watoto wengi kwa zamu moja, na mtoto mgonjwa anahitaji muda mwingi wa mlezi. Mwenye mtindio wa ubongo, kwa mfano, hulishwa ameketishwa wima, kichwa kisilale nyuma, kijiko kidogo kidogo, maana chakula kikikosea njia kinaingia kwenye mapafu. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akikaa wiki tatu akawafundisha walezi kuketisha na kulisha, ujuzi unabaki yeye akishapanda treni. Hali kadhalika muuguzi anayewakumbusha kwamba homa ya mtoto mwenye selimundu haisubiri asubuhi. Anapelekwa hospitali usiku huohuo. Hata fundi wa kurekebisha baiskeli ya magurudumu matatu au pampu ya maji amejitolea kwa watoto, ingawa hakumbeba hata mmoja.

Na wenyeji tujione humu. Mtoto aliyetoka vijijini Buhigwe huenda anajua Kiha tu, na aliyevuka kutoka Burundi anazungumza Kirundi, lugha ambayo Muha anaielewa bila mkalimani. Kijana wa Mwanga au Ujiji anayekwenda kila Jumamosi kwa miaka miwili, akimsomea mtoto yuleyule kitabu, anampa kitu ambacho mgeni hawezi kubeba kwenye begi.

Kuna masharti ambayo hayana mjadala. Mgeni anayejitolea nchini anahitaji kibali cha uhamiaji kinachoruhusu kazi hiyo. Viza ya matembezi haitoshi. Aonyeshe hati ya polisi kwamba hana rekodi ya uhalifu. Uingereza ina chombo maalumu cha ukaguzi huo, DBS, tangu mwaka 2012, na anayekaguliwa kabla ya kugusa watoto wa kwao hana sababu ya kugusa wa kwetu bila kukaguliwa. Nasi wenyeji tukaguliwe vilevile. Anayejitolea, awe mgeni au mwenyeji, asibaki peke yake na mtoto chumbani. Asipige picha za kupeleka mitandaoni, wala asisimulie ugonjwa wa mtoto. Kwa VVU, sheria ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo, lakini hata pasipo sheria, mtoto huyu atakua, atasoma, ataoa au kuolewa mjini hapahapa. Makao yanayompokea yeyote mwenye dola bila kumuuliza lolote, uyakimbie, kisha ukamwambie ofisa ustawi wa jamii.

Limebaki la kuaga. Wengi huondoka kimyakimya alfajiri ili watoto wasilie. Mtoto akiamka anamtafuta, na hakuna anayemwambia kitu. Mama mlezi yule wa nguo alinifundisha njia yake: wiki moja kabla, mwambie mtoto kwa jina siku utakayoondoka. Mkumbushe kila siku. Siku yenyewe ikifika, uage mchana, mama mlezi amemshika mkono, na umwambie nani atamwogesha kesho asubuhi.