Je, wajua nani hulipia zana ya bure ya kuundia gemu?

Mpwa wangu ametengeneza bao. Si la mti, la simu. Unafungua kivinjari, ukurasa unakuja na mashimo 32 yaliyopangwa mistari minne, kete 64, kila mchezaji ana 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza mchezoni moja moja, na nyumba, lile shimo kuu la kila upande, ina kete zake sita kama inavyotakiwa. Alinionyesha jioni moja tukiwa barazani Bagamoyo, upande wa Mji Mkongwe. Alikuwa amenisifia ngoma ya kufungulia, ila mimi nilisikia kimya tu.

"Mbona haisemi?"

"Anko, haisemi mpaka uiguse. Gonga pale palipoandikwa Gusa uanze."

Nikagonga, ngoma ikalia. Baada ya hapo kila kete ikidondoka shimoni inatoa mlio wake, aliourekodi kwenye bao la babu yake.

Nilidhani maandishi yale ni pambo. Kumbe yana historia. Aprili 2018 Google ilibadilisha kivinjari chake, Chrome, ili kurasa zisianze kupiga kelele kabla mtu hajagusa kitu. Nia ilikuwa njema. Nani hajawahi kushtuliwa na tangazo la video usiku wa manane? Lakini gemu nyingi zilizokuwa zikitoa sauti vizuri ziligeuka bubu, na wenyewe hawakuwa wamegusa hata herufi moja. Malalamiko yakawa mengi, na Mei ya mwaka huohuo Google ikalegeza sharti hilo kwa gemu na programu za muziki, ikawapa waundaji miezi kadhaa wajirekebishe. Na walioshika nyundo, kwa sehemu kubwa, ni wale waliounda zana zinazotumika kutengenezea gemu. Wakarekebisha zana, mwenye gemu akachukua toleo jipya, basi.

Zana hiyo ndiyo injini ya gemu. Hukupa tayari yale ambayo kila gemu inayahitaji: kuchora picha, kupiga sauti, kutambua kidole kimegusa wapi, na kuyarudia hayo yote mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 17 hivi. Mpwa wangu aliandika sheria za bao tu. Mengine aliyakuta, na hakulipa hata senti.

Sasa nani alilipa?

Hapa watu wengi hukosea hesabu. Hudhani gharama iko kwenye kuunda. Nenda ufukweni hapa Bagamoyo utazame chombo kilichopandishwa mchangani: fundi kapiga magoti na patasi na nyundo, anashindilia pamba yenye mafuta kwenye maungio ya mbao. Anakalafati. Chombo chenyewe kiliundwa zamani na malipo yake yamesahaulika, ila kalafati hairuki msimu, kwa sababu maji hayachoki kutafuta upenyo. Kwa zana ya gemu, kivinjari ndicho maji. Chrome, Firefox na Safari hutoa matoleo mapya mwaka mzima, na fundi wa zana hawezi kumwambia yeyote kati yao asubiri.

Tena bahari yenyewe huweza kukauka. Gemu za mtandaoni za zamani ziliegemea Flash, programu ya Adobe iliyozichezesha ndani ya kivinjari. Simu za iPhone hazikuikubali kamwe, na tarehe 31 Desemba 2020 Adobe ikaacha kabisa kuihudumia. Waliotegemea Flash peke yake walibaki na kazi zisizofunguka.

Fedha za kalafati hii hutoka kwa njia za ajabuajabu. Godot, injini mojawapo ya bure, ilianza kama zana ya ndani ya Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur. Miaka mingi kazi za wateja ndizo zilizoilisha, hadi 2014 walipoiachia huru kwa leseni ya MIT, inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuibadilisha, hata kuuza alichotengeneza nacho. Tangu hapo inaishi kwa michango, na leo ina taasisi yake iliyosajiliwa Uholanzi. Kisha ikaja Septemba 2023. Unity, injini kubwa ya kibiashara, ikatangaza kwamba itatoza ada kila gemu inaposakinishwa baada ya kuvuka kiwango fulani. Waundaji wakawaka. Re-Logic, kampuni iliyotengeneza gemu ya Terraria, ikaipa Godot dola 100,000 papo hapo na kuahidi dola 1,000 kila mwezi. Mwaka uliofuata Unity ikaifuta ada ile, lakini watu walikuwa wameshahama. Kwangu mimi, ile ahadi ya kila mwezi ina uzito kuliko kitita cha mara moja. Kitita hununua mbao. Mshahara wa fundi ni hiyo elfu moja.

Wengine huuza waziwazi. Construct 3, ya Scirra ya London, hufanya kazi ndani ya kivinjari chenyewe. Kuna sehemu ndogo ya bure, iliyobaki ni kwa malipo ya mwaka. Waliozoea kununua toleo lililotangulia mara moja na kumaliza walinung'unika sana mwaka 2017. Nawaelewa. Lakini kama kalafati ni ya kila msimu, sioni fundi angelipwaje mara moja tu. Naye Richard Davey, Mwingereza aliyeanzisha Phaser, zana ya bure ya gemu za kivinjari, mwaka 2013, kwa miaka alisaidiwa na watu wanaochangia dola chache kila mwezi kupitia Patreon.

Kwa kijana wa hapa, kivinjari kina faida nyingine ambayo haisemwi sana: hakuna kiingilio. Kuweka programu Google Play ni dola 25 za kujisajili mara moja, na Apple ni dola 99 kila mwaka. Kwa ukurasa, wewe unatuma kiungo tu WhatsApp, na anayecheza hamalizi bando kupakua.

Nilimuuliza mpwa wangu kama amewahi kuchangia zana yake. Fedha hana, akasema, ila kwenye simu ya bei nafuu ya rafiki yake picha zilikuwa zinapepesuka. Akawaandikia waundaji: aina ya simu, kivinjari gani, hatua kwa hatua jinsi ya kulizalisha tatizo. Hawakuwa na simu ya namna hiyo. Wiki mbili baadaye marekebisho yakatoka.

Tatizo lililobaki ni lake mwenyewe. Mzee mmoja pale barazani alicheza mikono mitatu, akamrudishia simu. "Bao lako hili linamwacha mtu atakate, acheze bila kula, na huku ana cha kula."