Kitu Kiko Makumbusho, Lakini ni Mali ya Nani?

Kuna sentensi moja imenichosha. Naisikia kwa warithi wa watu waliotoa vinyago na picha, naisikia kwa madiwani, na naisikia hata kwa wakurugenzi wanaotia saini barua za makumbusho yenyewe: "Kitu kiko makumbusho, basi ni mali ya makumbusho." Mimi ni mwanasheria wa mambo ya urithi. Kutwa nashinda na hati za zawadi, sheria zilizoanzisha taasisi na mihtasari ya vikao vya bodi. Migogoro mingi inayofika mezani kwangu isingekuwepo kama mtu angeuliza mapema: haya makumbusho, kisheria, ni nani hasa?

"Makumbusho ndiyo yenye mali"

Jina lililo kwenye kibao cha mlangoni mara nyingi si mtu wa kisheria. Mtu wa kisheria ni yule anayeweza kununua, kuuza, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake mwenyewe. Makumbusho ya jiji, mara nyingi, ni idara ya halmashauri. Mbele ya hakimu hayana tofauti na idara ya barabara, na vitu vyake ni vya halmashauri. Makumbusho ya chuo kikuu yakiwa ni kitengo cha chuo, vitu ni vya chuo. Yakiwa ni kampuni ya hisani, mmiliki ni kampuni. Yakiwa ni amana, mmiliki kwenye karatasi ni wadhamini, lakini wanashika mali kwa ajili ya wengine na si kwa faida yao. Na kama yaliundwa kwa sheria ya bunge, mmiliki ni yule aliyetajwa na sheria hiyo. Mgeni anayekata tiketi haoni tofauti yoyote kati ya hao wote. Tofauti huonekana siku deni linapogonga mlango.

Mfano ninaoutumia kila mara ni Detroit. Taasisi ya Sanaa ya jiji hilo la Marekani ilianza kama chama cha watu binafsi. Mwaka 1919 chama kikakabidhi mkusanyo wake kwa serikali ya jiji, na jiji likawa mmiliki. Miaka ikapita, na uendeshaji wa kila siku ukarudi mikononi mwa shirika lisilo la faida kwa mkataba. Shirika likawa linaajiri, linachangisha, linapanga maonyesho. Ukimuuliza mkazi yeyote, angekwambia vitu ni vya makumbusho. Julai 2013 jiji likaomba kufilisika likiwa na madeni ya takriban dola bilioni 18, na wadai wakaanza kuuliza: hizi picha ukutani si mali ya mdaiwa wetu?

Lilikuwa swali halali kabisa. Ilipofika Desemba, Christie's, kampuni ya mnada wa sanaa, walikuwa wamekwisha tathmini kazi kama 2,800 zilizonunuliwa kwa fedha za jiji na kuzipa thamani ya kati ya dola milioni 454 na milioni 867. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Michigan alishatoa maoni kwamba mkusanyo umeshikwa kwa amana ya hisani na hauwezi kuuzwa kulipia madeni, lakini maoni si hukumu. Kilichookoa picha zile ni makubaliano: wakfu mbalimbali, serikali ya jimbo na makumbusho yenyewe waliahidi zaidi ya dola milioni 800 kunusuru pensheni za wafanyakazi wa jiji, na kwa upande wa pili umiliki wa mkusanyo ukahamishwa kutoka kwa jiji kwenda kwa lile shirika lisilo la faida, Desemba 2014. Ukuta haukubadilika, na picha hazikusogezwa hata inchi moja. Aliyebadilika ni mwenye mali.

Wateja wangu wakisikia habari hii hurukia jawabu: basi dawa ni makumbusho kujitegemea, kuwa shirika kamili lenye vitu vyake. Hapo huwa nawaambia wasikilize kisa cha pili kabla hawajaondoka.

Makumbusho ya Wedgwood huko Barlaston, Uingereza, yalikuwa ni taasisi ya hisani inayojitegemea, yenye mkusanyo wa vyombo vya udongo na kaure pamoja na nyaraka za kiwanda cha Wedgwood. Mwaka 2009 yalishinda tuzo kubwa ya makumbusho nchini humo. Mwaka huohuo kampuni ya Waterford Wedgwood, iliyomiliki kiwanda hicho, ilianguka. Wafanyakazi 5 tu wa makumbusho walikuwa kwenye mfuko wa pensheni uliochangiwa na kundi zima la kampuni hiyo. Kwa sheria ya pensheni ya huko, mwajiri wa mwisho aliyebaki amesimama alibeba pengo lote la mfuko, na mwajiri huyo akawa makumbusho. Pengo lilikuwa pauni milioni 134. Desemba 2011 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mkusanyo haukulindwa na amana ya pekee, kwa hiyo ungeweza kuuzwa kulipa deni. Ilibidi mwaka 2014 zichangwe pauni milioni 15.75 kuununua. Ukakabidhiwa kwa makumbusho ya Victoria and Albert, ambayo nayo yakauazimisha tena Barlaston. Vyombo viko palepale, lakini mwenyewe yuko London.

Weka visa hivyo viwili kando kwa kando. Detroit mali ilikuwa ya jiji, na deni la jiji likaifuata. Wedgwood mali ilikuwa ya makumbusho yenyewe, na deni la makumbusho likaifuata. Kujitegemea si kinga, na kuwa chini ya serikali si kinga. Ushauri wangu, ambao wenzangu wamekwisha uchoka, ni huu: mwenye vitu asiwe mwenye madeni. Anayeajiri, anayekopa, anayetia saini mikataba ya umeme na bima awe mtu mmoja wa kisheria. Anayemiliki mkusanyo awe mwingine, amana yenye wadhamini wake na hati inayosema waziwazi kwamba vitu hivi havishikwi kwa ajili ya wadai wa mwendeshaji. Kisha pawe na makubaliano ya maandishi kati yao: nani anatunza, nani anaweka bima, nani anaamua kuazimisha, na nini kinatokea mwendeshaji akianguka. Ni kazi ya wiki chache kwa mwanasheria anayejua anachofanya. Bado bodi huniambia "tutalitazama mwakani."

Na wewe unayetaka kutoa zawadi, usiandike "kwa makumbusho." Uliza jina kamili la anayepokea, liandike, na uone saini ya mtu mwenye mamlaka ya kupokea kwa niaba yake. Ukitaka kitu kisiuzwe, sema kwenye hati kwamba kinatolewa kwa amana na kwa sharti gani, na useme kiende kwa nani sharti likivunjwa. Ukisema tu "natumaini kitabaki hapa daima," umeonyesha tumaini, na tumaini halimfungi mtu.

"Bodi ikikubali, mambo yamekwisha"

Hii nayo naisikia kila panapozuka mjadala wa kurudisha vitu. Watu huwalaumu wadhamini kwa roho mbaya au kuwasifu kwa ukarimu, na hakuna anayefungua sheria iliyowaweka pale.

London peke yake inatosha kama somo. British Museum na Horniman, yote mawili, yalikuwa na vitu vilivyoporwa na majeshi ya Uingereza huko Benin City, katika Nigeria ya leo, mwaka 1897. Novemba 2022 Horniman yalihamisha umiliki wa vitu 72 kwa Nigeria. British Museum hayakufanya hivyo. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu nia ya kila bodi, lakini sheria zao hazifanani. Horniman ni taasisi ya hisani ambayo wadhamini wake, kwa idhini ya tume inayosimamia mashirika ya hisani, wangeweza kutoa mali kwa sababu ya wajibu wa kimaadili. British Museum yanaendeshwa kwa sheria ya bunge ya mwaka 1963. Kifungu cha 5 kinawaruhusu wadhamini kuachia kitu katika hali chache: kama kina nakala yake, kama ni maandishi ya chapa yasiyo ya kabla ya 1850 ambayo makumbusho yana nakala yake ya picha, au kama hakifai tena kubaki na kuondoka kwake hakutawaathiri wanafunzi na watafiti.

Wala usidhani hilo halijajaribiwa. Mwaka 2005 wadhamini walitaka kurudisha michoro 4 iliyonyang'anywa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, kutoka kwa mkusanyaji sanaa Myahudi huko Brno, katika Jamhuri ya Cheki ya leo. Mahakama ikasema wajibu wa kimaadili hauwezi kuishinda sheria ya bunge. Ilibidi itungwe sheria nyingine, mwaka 2009, kwa ajili ya mali zilizoporwa enzi za Wanazi, na hiyo haigusi vitu vya Benin. Glasgow, huko Uskoti, kwa upande mwingine, mkusanyo ni wa halmashauri ya jiji. Mwaka 1999 jiji lilirudisha shati la Ghost Dance, vazi la ibada, kwa Walakota, wenyeji asilia wa Marekani, bila kuhitaji sheria ya bunge.

Kwa hiyo unapoandika barua ya madai, usimwandikie mkurugenzi mwenye tabasamu. Mwandikie yule mwenye uwezo wa kusema ndiyo. Kama huyo ni bunge, mwandikie mbunge.

"Makumbusho ya umma ni ya serikali, na serikali hufanya itakavyo"

Ufaransa inajibu nusu ya dhana hii. Makusanyo ya umma ya huko ni mali ya umma isiyoweza kuhamishwa. Rais anaweza kuahidi hadharani kurudisha vitu vya Afrika, kama alivyofanya Macron huko Ouagadougou Novemba 2017, lakini ahadi haihamishi mali. Ilibidi bunge lipitishe sheria maalumu Desemba 2020, mahsusi kwa vitu 26 vya Abomey, katika nchi ya Benin ya leo, vilivyokuwa kwenye makumbusho ya Quai Branly jijini Paris, na upanga mmoja uliokwenda Senegali, ndipo umiliki ukahama. Kitu cha 27 kutoka mkusanyo huohuo kisingeweza kubebwa na sheria ile.

Ujerumani inajibu nusu nyingine. Watu walisema "Ujerumani imerudisha" shaba za Benin, yaani vile vitu vilivyoporwa Benin City, mwaka 2022. Serikali ya shirikisho ilitia saini tamko la pamoja na Nigeria, sawa, lakini haikuwa mmiliki wa vitu vingi vilivyozungumzwa. Vya Berlin vilikuwa vya Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia, na wakfu huo ndio uliohamisha umiliki wa vitu 512. Vya Köln vilikuwa vya jiji, na baraza la jiji likapiga kura yake lenyewe kuhusu vitu 92. "Serikali" ni neno la magazeti. Mimi nikipewa faili nataka jina la anayetia saini.

"Kikishapewa namba, ni chetu"

La. Namba ndogo iliyoandikwa kwa wino chini ya kinyago inathibitisha kwamba makumbusho yaliamua kukihesabu. Haithibitishi kwamba aliyekileta alikuwa na haki ya kukitoa. Mwizi hawezi kukupa umiliki ambao hana, na daftari la usajili halimsafishi.

Mara nyingi tatizo hata si wizi. Nafungua jalada, nakuta karatasi moja yenye mhuri: "Kimepokelewa kwa ajili ya maonyesho," tarehe, saini. Basi. Hakuna neno zawadi, wala azima, wala bei. Miaka ishirini baadaye wajukuu wanakuja, na makumbusho yanataka nithibitishe kwa karatasi ile kwamba kitu kilitolewa moja kwa moja. Karatasi ile inathibitisha kwamba kilipokelewa, nukta.

"Azima ya miaka mingi hugeuka zawadi"

Haigeuki yenyewe. Kwa kawaida, mwazimaji anashika kitu kwa ridhaa ya mwenyewe, na hakuna cha kuhesabia muda wa ukomo, yaani muda wa mwisho wa kudai mahakamani, mpaka mwenyewe adai na akataliwe, au makumbusho yamjulishe kwamba sasa wanakidai kuwa chao. Majimbo mengi ya Marekani yametunga sheria za azima zilizosahaulika, zenye taratibu za kumtafuta mwenyewe na kumpa taarifa. Kama huko uliko hakuna sheria ya namna hiyo, andika barua, tafuta warithi, funga jambo. Kukaa kimya hakukufanyi mmiliki.

"Kuuza vitu vya makumbusho ni kosa la jinai"

Mara nyingi ni kosa la maadili ya taaluma, na hilo ni jambo jingine. Halmashauri ya Northampton, Uingereza, iliuza sanamu ya Kimisri ya Sekhemka mwaka 2014 kwa pauni milioni 15.76, na mwenye uwezo wa kuuza alikuwa halmashauri kwa sababu makumbusho yalikuwa yake. Ilivuliwa ithibati ya kitaaluma, ikapoteza nafasi ya kuomba ruzuku kadhaa, ikalaaniwa. Sanamu ikaenda. Na hata pale, sehemu ya fedha ililazimika kwenda kwa ukoo wa lodi ambao babu yao ndiye aliyehusishwa na zawadi ya awali, kwa sababu masharti ya zawadi yalikuwa na utata. Karatasi tena.

"Kurudisha kitu nchini ni kumrudishia mwenyewe"

Hapa kila mtu huwa na haraka. Vitu vya Benin viliporudishwa, baadhi ya mikataba iliandikwa kwa jina la Jamhuri ya Nigeria au tume yake ya makumbusho. Machi 2023 amri ya rais ikatamka kwamba vitu vilivyoporwa katika kasri ni mali ya Oba, yaani mfalme, wa Benin. Baadhi ya taasisi za Ulaya zilishtuka na kusitisha makabidhiano, kana kwamba wameibiwa wao. Mshtuko huo siuelewi. Ukihamisha umiliki kamili, mpokeaji ana haki ya kumpa amtakaye, na kama ulitaka kitu kikae katika makumbusho ya umma, ungeandika sharti hilo na mpokeaji angeamua kulikubali au kulikataa. Swali la nani anapokea, dola, tume, ukoo au ufalme, lilipaswa kuulizwa na kujibiwa na Wanigeria wenyewe kabla ya wino kukauka, na jina la mpokeaji kuandikwa kamili katika aya ya kwanza ya hati.