Je, wajua kwa nini dhoruba inalaza maua mengine na mengine yanabaki yamesimama?

Ushawahi kuona tuta la maua asubuhi baada ya dhoruba, kosmosi zote zimelala upande mmoja alafu pale pembeni kuna mbili tatu fupi zimesimama wima tu? Mbegu za pakiti moja, udongo uleule, mvua ileile. Mara nyingi tofauti ilianza zamani, kwenye malezi ya mche.

Iko hivi. Mmea unahisi kuguswa. Upepo ukiutikisa, unatoa homoni, mojawapo ni gesi ya ethilini, basi shina linaacha kukimbilia juu linaanza kunenepa. Mwanasayansi Mmarekani Mordecai Jaffe ndo aliipa tabia hii jina la kisayansi mwaka 1973, alikuwa anasugua mashina ya miche taratibu kila siku na miche ikatoka mifupi minene. Sasa mche uliokulia ndani, hakuna upepo, mwanga hafifu, umebanana na wenzake, unarefuka tu kutafuta mwanga, ukiuhamishia tutani na dhoruba ikaja wiki hiyohiyo lazima ulale.

Kwa hiyo miche izoeshe nje kidogokidogo kwa siku 7 hadi 14, anza na masaa machache kivulini. Ikiwa bado ndani, pitisha kiganja juu ya ncha zake kila siku, taratibu, zipinde kidogo zirudi. Inasaidia kweli.

Tatizo lingine ni kwamba maua ya msimu mmoja yana miezi michache tu ya kuota, kuchanua na kutoa mbegu, hayana muda wa kujenga shina gumu kama mti. Ukiyajazia mbolea ya nitrojeni ndo kabisa, majani kibao, shina teketeke. Alafu alizeti au zinia kubwa ikilowa uzito wote uko juu, na upepo nao kasi yake ikiongezeka mara 2 msukumo unaongezeka mara 4.

Wengi wanafikiri ukuta ndo kinga. Hapana, upepo unauruka ukuta na kushuka nyuma yake kwa vurugu. Bora wigo wa mimea au wavu unaopitisha karibu nusu ya upepo, hapo kasi inapungua bila kuzua vurugu hiyo.

Na dhoruba ikishapita? Usikanyage tuta likiwa limelowa, udongo utashindiliwa na mizizi itakosa hewa. Iliyolala iinue siku hiyohiyo kama unaweza, maana ncha ya shina lililolala inaanza kujipinda kwenda juu ndani ya masaa, ukichelewa unabaki na shina lenye kona ambalo halinyooki tena. Kung'uta maji kwanza, bana udongo kwa vidole pale chini, chomeka kijiti, funga kamba laini lakini usikaze, shina liachwe litikisike kidogo ili liendelee kukomaa. Majani yaliyorukiwa matope yamwagie maji safi, matope hubeba ukungu.

Shina lililovunjika usiling'oe haraka. Likate juu kidogo ya jozi ya majani mazima, zinia na kosmosi zitachipua matawi mawili hapohapo na maua yatakuja, yatachelewa tu.