Hivi kwa nini hati za zamani za ardhi Uingereza ziliandikwa kwenye ngozi ya kondoo?

Dodoma ya sasa ukikaa kijiweni huwezi kukwepa stori za viwanja, mara hati ya miaka 33 ya enzi za CDA (ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), mara ya miaka 99 baada ya CDA kuvunjwa 2017, mara fulani kauziwa plot kwa hati ya kufoji. Sisi hati ni karatasi yenye mihuri na sahihi, basi. Wenzetu Waingereza kuanzia karne ya 16 mpaka ya 20 hati zao za ardhi walikuwa wanaziandika kwenye ngozi ya mnyama, na siyo mnyama yeyote, karibu kila mara ni kondoo.

Ukiuliza kwa nini, wengi watakwambia karatasi hazikuwepo. Hapana, zilikuwepo, kiwanda cha karatasi England kilikuwa kinafanya kazi miaka ya 1490, na hizi hati ziliendelea kuandikwa kwenye ngozi mpaka watu wanapanda treni na wanapiga simu. Wengine watasema ngozi inadumu. Inadumu kweli, Magna Carta, ule mkataba maarufu wa mfalme wa Uingereza wa 1215, zimebaki nakala 4 na ni ngozi ya kondoo, ila kama shida ni kudumu tu ngozi ya ndama nayo inadumu, tena ndiyo yenye heshima zaidi, sheria za Bunge la Uingereza zilichapwa kwenye ngozi ya ndama au mbuzi hadi miaka ya 2010 ndipo kurasa zikahamia karatasi. Halafu kuna kosa lililokaa hata kwa wanaotunza nyaraka, la kuandika kwenye lebo kwamba hati fulani ni ngozi ya ndama wakati siyo, maana kwa macho hutofautishi kirahisi.

Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Sean Doherty wa Chuo Kikuu cha Exeter walitoa majibu ya kupima hati 477 za zamani za Uingereza, zaidi ya asilimia 96 ya sampuli zikawa kondoo. Na mbinu ya kujua ngozi ya zamani ni ya mnyama gani bila kuikata inachekesha kidogo: unaisugua taratibu na raba ya kufutia, zile pumba za raba zinabeba protini ya ngozi, unazipeleka maabara.

Sasa kwa nini kondoo. Chukua chapati. Mpishi anasukuma, anapaka mafuta, anaikunja, anasukuma tena, ndiyo maana ukiivuta inaachana tabaka kwa tabaka, pale mafuta yalipopita unga haukushikana. Asiyepaka mafuta katikati anakupa kitu kimoja kizima, utakivuta mpaka uchoke. Ngozi ya kondoo ndiyo hiyo chapati yenye mafuta: katikati ya matabaka yake mafuta yanaweza kufika asilimia 30 hadi 50, wakati mbuzi ni 3 hadi 10 na ng'ombe 2 hadi 3 tu. (Wazee wa mnada wa Msalato msikimbilie mkia, mafuta ya mkiani kwa kondoo wetu ni habari nyingine, haya yako ndani ya ngozi yenyewe.) Ngozi ikilowekwa kwenye chokaa ili manyoya yatoke, mafuta nayo yanatoka, panabaki uwazi, kisha inawambwa ikakauka hivyohivyo, matabaka yameshikana kwa kulegea.

Wino wa wakati ule, wa vinundu vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma, unazama kwenye ngozi, huufuti kwa kidole. Tapeli anayetaka kugeuza jina au ekari lazima akwangue na kisu. Kwenye ndama mwenye mkono mwepesi anakwangua, analainisha, anaandika upya. Kwenye kondoo tabaka la juu linanyanyuka lote, panabaki kidonda, ukipitisha kidole unakisikia. Hili halikugunduliwa juzi, karne ya 12 Richard FitzNigel, mtunza hazina wa mfalme, aliandika kwamba hesabu za serikali ziwekwe kwenye ngozi ya kondoo kwa sababu ukifuta inaonekana.

Ila tusiibebe stori hii juujuu. Kondoo walikuwa wengi kule kwa ajili ya sufu na ngozi yao ilikuwa rahisi, kwa hiyo karani wa miaka ya 1800 huenda alinunua tu kilichozoeleka bila kuwaza matapeli. Vipimo vyenyewe ni vya hati za Uingereza, ukivitumia kuisemea Ulaya nzima umezidisha. Na kidonda kinakwambia pamekwanguliwa tu, hakikwambii ni tapeli au ni karani aliyekosea herufi akarekebisha.

Ujanja mwingine walikuwa nao, wa kuandika nakala mbili kwenye ngozi moja halafu kuikata kwa mstari wa kupindapinda, siku ya kesi mnazileta pamoja, zisipolingana kuna mtu ana maelezo ya kutoa. Baada ya sheria ya mali ya 1925 haja ya kutunza hati kuukuu ikapungua sana, nyingi zikatupwa au kuuzwa, na nyingine, amini usiamini, zikakatwa kutengenezea vivuli vya taa.